Dawa za maumivu na usugu wa saratani: maswali na majibu

Saratani huwaje sugu kwa dawa?
Kwa njia nyingi. Mojawapo ni protini iitwayo P-glikoprotini, iliyoelezwa mwaka 1976. Hukaa kwenye utando wa seli na kuzisukuma nje dawa za saratani kama doksorubisini na paklitakseli kabla hazijafanya kazi. Seli zenye protini hiyo kwa wingi hunusurika na kuzaana, na uvimbe uliokuwa ukinywea huanza kukua tena.

Dawa za maumivu zinahusikaje?
Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na selekoksibu huzuia vimeng'enya vya COX, yaani protini zinazosaidia mwili kutengeneza kemikali za maumivu. Kimojawapo, COX-2, huwa kingi katika saratani nyingi, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kikizidi, P-glikoprotini nayo inaweza kuongezeka. Baadhi ya seli zilizopewa selekoksibu zilipunguza protini hiyo, dawa ya saratani ikabaki ndani.

Basi nimeze ibuprofeni ili kemo (tiba ya dawa za kuua seli za saratani) ifanye kazi vizuri?
Hapana, tafadhali usijaribu. Seli iliyo kwenye chombo cha maabara haina figo wala tumbo, wewe unavyo. Utafiti uliochapishwa 2021, wa wagonjwa zaidi ya 2,500 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kufanyiwa upasuaji, uliongeza selekoksibu kwenye kemo. Kwa ujumla, haikupunguza kurudi kwa ugonjwa kwa kiwango cha kuaminika.

Madhara, kwa upande wake, yanajulikana vizuri. Methotreksati, mojawapo ya dawa za kemo, hutolewa mwilini na figo. Ibuprofeni au diklofenaki zinaweza kuichelewesha kutoka mwilini hadi ikawa sumu. Sisplatini, dawa nyingine ya kemo, huumiza figo, na dawa hizi huziongezea mzigo. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zikishuka kwa sababu ya kemo, aspirini inaweza kusababisha damu kutoka bila kukoma upesi.

Parasetamoli je?
Kwa kipimo sahihi, haisumbui sana tumbo wala figo. Lakini hushusha homa, na chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zikiwa chache, homa inaweza kuwa dalili pekee ya maambukizi makali. Pima joto kabla ya kumeza. Likifika nyuzi 38, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

Niache aspirini niliyoandikiwa kwa ajili ya moyo?
Usiiache kwa uamuzi wako. Mpelekee daktari wa saratani dawa zako zote, hata zile za kununua bila cheti. Na maumivu usiyavumilie kimya kimya: mwambie yanakuuma wapi na kwa kiasi gani, kwa kuwa zipo dawa nyingine, ikiwemo mofini, anazoweza kukupangia kulingana na matibabu yako.