Tundu la risasi kwenye mfupa: usitazame ukubwa, papasa ukingo

Kijiweni kwetu Isevya, hapa Tabora, kahawa ikishafika kikombe cha pili mada hazina mpaka. Juzi tulikuwa kwenye mauaji ya tamthilia, na mzee mmoja aliyewahi kuwa mgambo akafunga mjadala: "Tundu dogo, risasi imeingilia hapo. Tundu kubwa, imetokea hapo. Basi." Wote tukaitikia, na mimi nikiwemo. Kumbe sivyo.

Wachunguzi wa mifupa hawategemei ukubwa. Fuvu lina matabaka mawili magumu, la nje na la ndani, na katikati yake mfupa wenye vitundutundu kama sifongo. Risasi inapoingia hutoboa tabaka la nje kwa ukingo mkali, kisha hubandua la ndani kwa upana zaidi. Tundu linakuwa kama bakuli lililotoboka kitako, mdomo wake ukielekea ndani. Ikitoka, bakuli linageuka, mdomo unakuwa nje. Aliyekulia Tabora msimu wa maembe huenda alishaliona: kijiwe cha manati kikikosa embe na kupiga kioo cha jirani, mara nyingine huacha kitundu upande wa nje na kijisahani kilichobanduka upande wa chumbani. (Viboko vilivyofuata ni habari nyingine.)

Tena bunduki ikiwa imegusa kichwa, gesi ya baruti huingia chini ya ngozi na kuichana kama nyota, kwa hiyo jeraha la kuingilia linaweza kuwa kubwa kuliko la kutokea. Na risasi iliyokwaruza fuvu kwa upande huweza kuacha tundu moja lenye umbo la tundu la ufunguo: sehemu moja imebanduka ndani, nyingine nje.

Dhana nyingine: pima tundu, utajua risasi ya saizi gani. Haipimiki kirahisi hivyo. Risasi huingia kiubavu, hubonyea, hupasuka. Na gobore je, ambalo mwenyewe hulishindilia goroli au vipande vya chuma?

Wapo wanaodhani mfupa ni mfupa, ukivunjwa kwa rungu au kwa risasi ni yale yale. Rungu huupa mfupa nafasi ya kupinda kidogo kabla haujavunjika, ndiyo maana vipande vikiunganishwa mara nyingi havikai sawasawa. Risasi haingoji. Mfupa hupasuka kama kigae, na vipande vyake hurudiana vizuri.

Ya mtu kurushwa nyuma ukutani ni ya filamu. Risasi ya bastola ya gramu 8 ikienda mita 350 kwa sekunde, ikabaki ndani ya mtu wa kilo 70, itamsukuma kwa sentimita 4 hivi kwa sekunde. Mwendo wa kobe mchovu.

Ninayoipenda zaidi ni nyufa. Ufa mpya ukikutana na ufa wa zamani hukomea hapo, hauvuki. Mjerumani Georg Puppe alilieleza hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo fuvu lenye matundu mawili huweza kusema lipi lilitangulia.

Jana nilirudi kijiweni na kipande cha kioo cha dirisha chenye kitundu. Mzee akakipapasa kwa kidole gumba, upande huu, kisha ule, akakirudia tena.

"Sasa hiki, kijana wangu, kimepigwa kutokea wapi?"

Nikamsogezea kashata, nikamwacha aendelee kupapasa.