Ngoma inayojibu: singo ya kwanza ya Ibeyi

Vijana wengi wanaokuja studio kutaka "biti yenye asili" huja na faili la ngoma walilolitoa mtandaoni, wakaniomba nilibandike juu ya biti iliyokwisha kamilika. Kabla sijagusa kitu, huwapigia "River", wimbo uliotoka mwaka 2014 sambamba na "Oya" katika kazi ya kwanza ya Ibeyi, kundi la dada wawili mapacha waliozaliwa Paris, baba yao akiwa Mkuba. Nataka wasikie kilichowekwa humo, na zaidi ya hicho, wasikie kilichoachwa.

Tuanze na jina. Ibeyi ni jinsi Wakuba wanavyoliandika neno la Kiyoruba ìbejì, yaani mapacha. Uyorubani, kusini magharibi mwa Nigeria, mapacha huzaliwa kwa wingi unaojulikana dunia nzima. Wa kwanza kutoka huitwa Taiwo na wa pili Kehinde, kama sisi tulivyo na Kurwa na Doto. Lakini kwao aliyetangulia ndiye mdogo: Kehinde, mkubwa wake, amemtuma aionje dunia kwanza. Mmoja wa dada hawa anaitwa Lisa-Kaindé, na Kaindé ni Kehinde huyo huyo, jina lililovuka bahari likabadilika matamshi. Mwenzake ni Naomi.

Bahari hiyo lilivuka kwa uchungu. Dola ya Oyo, ya Wayoruba, ilipoporomoka katika karne ya 19, mateka wengi wa Kiyoruba waliuzwa, wakafikishwa Kuba kwenye mashamba ya miwa. Utumwa haukufutwa huko hadi 1886. Walichokihifadhi ni sala na nyimbo, kwa lugha ya ibada inayoitwa Lucumí. Hapa nakaa kidogo, maana ndipo ulipo ufundi wenyewe. Kiyoruba ni lugha ya toni tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Geuza toni, neno limegeuka maana. Kwa hiyo ngoma inayopanda na kushuka inaweza kusema, na mwenye lugha akaelewa. Lucumí, kwa kuishi karne nzima na Kihispania, imezipoteza toni hizo, lakini mazungumzo yalibaki ndani ya ngoma za batá.

Batá ni tatu, kila moja imewambwa ngozi pande zote mbili na hulazwa mapajani. Ndogo, okónkolo, hushika mwendo na haibanduki. Ya kati, itótele, hujibu. Kubwa ni iyá, maana yake mama: huita, hukatiza, hubadilisha habari, na wenziwe humfuata. Ondoa moja, na zilizobaki hazina wa kuongea naye.

Baba yao, Miguel "Angá" Díaz, alikuwa bingwa wa konga, zile ngoma ndefu za Kuba, mtu wa kupiga konga tano peke yake, na mkono wake umo katika rekodi za Buena Vista Social Club, kundi la wanamuziki wa Kuba. Alifariki mwaka 2006, mapacha wakiwa na miaka 11. Naomi akalikalia kahoni, lile sanduku la mbao linalopigwa kwa viganja, na baadaye akajifunza batá. Lisa-Kaindé alishika piano. Prodyuza wao, Richard Russell wa XL Recordings, kampuni ya rekodi ya London, alikuwa ametengeneza albamu ya mwisho ya Gil Scott-Heron, mshairi na mwimbaji wa Marekani, mwaka 2010, na masikio yake yanatambulika: sauti ya mwimbaji iko karibu kabisa, besi iko chini, na katikati kuna nafasi tupu.

Nafasi hiyo ndiyo ninayowaonyesha vijana. Nikiusikiliza "River" kama fundi, naisikia mashine ya biti ikifanya kazi ya okónkolo: inashika mwendo na haijionyeshi. Kwa sababu hiyo sauti mbili za dada hao zinapata uhuru wa iyá na itótele, moja ikiita, nyingine ikijibu. Besi ya kompyuta na ngozi kubwa ya ngoma hugombania masafa yale yale ya chini. Ukizipiga zote kwa nguvu, unapata matope. Hapa kila moja imesubiri zamu yake. Kuelekea mwisho Kiingereza kinakoma, inaingia sala ya Lucumí kwa Oshun, orisha (mungu wa Kiyoruba) mwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ambaye mto wake unapita Osogbo hadi leo. Sala hiyo haisikiki kama mgeni aliyekaribishwa dakika ya mwisho, kwa kuwa tangu mwanzo wimbo ulijengwa kwa kipimo chake.

Na kwa nini jina la Oya kwa kazi ya kwanza? Oya ni orisha wa upepo na dhoruba, na Wayoruba wanauita mto Niger Odò Ọya. Kuba yeye ndiye mlinzi wa lango la makaburi. Mabinti hawa walikuwa wamemzika baba, kisha mwaka 2013 dada yao mkubwa, Yanira. Kila nikikumbuka hilo, wimbo unanikaa kifuani.

Faili la mtandaoni haliwezi kufanya hivi. Limekwisha pigwa, limekwisha miksiwa na mtu mwingine, na ukiliita haliitiki. Kijana mmoja nilimweleza hivyo, akaondoka kanuna. Jumamosi alirudi bila faili, amekuja na mjomba wake aliyebeba msondo begani. Nikamkaribisha mzee kiti, nikazima biti, nikamwomba aanze yeye.