Kwa nini tunawalaza vijana wenu kwenye mvua na milio: maelezo kwa wazazi na majirani wa kambi

Msimu wa mafunzo ukianza tu na simu zinaanza, ila safari hii zimezidi ndo maana nimeombwa niandike. Majirani wanalalamikia milio ya usiku. Wazazi wanasema vijana wao wanalazwa nje kwenye mvua, wanaamshwa saa nane za usiku, wanakimbizwa huku baruti zinalia pembeni yao, na kwenye magrupu ya WhatsApp wengine wameshaandika kwamba ni mateso. Najua mnasema kwa nia njema, mzazi ni mzazi. Lakini kuna mambo hayajaeleweka na tukiyaacha hivihivi tutaishia kudai vijana wafundishwe kirahisi, halafu siku ya siku tuwazike.

Nianzie Lukaya. Vita ya Kagera wengi mnaijua kwa tarehe, Oktoba 1978 Amin anavamia, 11 Aprili 1979 Kampala inaanguka. Katikati hapo kuna tukio ambalo sisi wa mafunzo hatuchoki kulisimulia. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ya jeshi letu la Tanzania ilikuwa Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, eneo la vinamasi. Sehemu kubwa ya askari wake walikuwa mgambo, watu waliotolewa mashambani na makazini miezi michache tu nyuma wakapewa mafunzo ya harakaharaka, na hapo simlaumu mtu, nchi ilikuwa imevamiwa na muda haukuwepo. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakawafyatulia roketi za Katyusha. Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri: roketi nyingi zilipita juu zikaenda kuangukia nyuma yao, yaani hazikuwapata. Ila ule mlio hawakuwahi kuusikia maishani, na wengi wakavunja mstari wakakimbia.

Wachache wakabaki wanapigana. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka kwa miguu mwendo mrefu sana mpaka ikatokea barabara ya Kampala, viongozi wa 201 nao wakakusanya watu wao upya, na alfajiri ya tarehe 11 wakashambulia kwa pamoja, 201 kwa mbele na 208 ikitokea upande wa pili. Walibya na jeshi la Amin wakasambaratika. Kwahiyo kwenye ushindi ule wamo watu walewale waliokimbia jana yake. Mtu akiniambia ushujaa unazaliwa nao huwa nakataa, kwa sababu damu yao haikubadilika usiku ule. Kilichobadilika ni kwamba mlio sasa wanaujua, na kulikuwa na kiongozi wa kuwakusanya. Hivyo vitu viwili ndo kazi yetu yote, na tunataka kijana avipate kabla ya vita, asivitafute vitani.

Mwili wa binadamu ukishtuka una mambo yake. Moyo unaenda mbio, masikio yanaziba, macho yanaona mbele tu pembeni haoni, vidole vinakuwa vizito hata kubadilisha magazini ya bunduki ni shida. Haya yanampata kila mtu, kuruta na afande. Huwezi kuyaondoa kwa kumpa mtu mada darasani, na wala kwata, yaani yale mazoezi ya gwaride, haiyaondoi, kwata inafundisha utii na kuenda pamoja na ni muhimu, lakini haimfundishi mtu afanye nini akiwa hajalala siku mbili, amelowa, giza, moshi, na redio haishiki. Kinachosaidia ni kuyapitia mara nyingi, kuanzia madogo kwenda makubwa, mpaka mikono ifanye kazi yenyewe hata kichwa kikiwa kimechanganyikiwa.

Narudia, kuanzia madogo kwenda makubwa. Hatumtoi kijana nyumbani leo kesho tukamlipulia. Anaanza na bunduki tupu, anaifungua na kuifunga mpaka aweze gizani, halafu risasi baridi, zile zinazolia tu bila kutoa kitu, halafu shabaha mchana akiwa ametulia, halafu shabaha akiwa ametoka kukimbia na pumzi hana, halafu usiku, na risasi za moto akiwa na wenzake kwenye medani zinakuja mwisho kabisa. Siku ya risasi za moto bendera nyekundu zinapandishwa kuzunguka eneo, serikali ya kijiji inapewa taarifa mapema na tarehe na saa, walinzi wanasimama kwenye njia zote, gari la wagonjwa na mganga wapo kabla risasi ya kwanza haijapigwa, kila mtu anahesabiwa risasi alizopewa, na mwisho maganda yanahesabiwa. Ganda moja likikosekana hakuna anayeondoka hata mvua inyeshe, tutatafuta na tochi mpaka lionekane, na mwenye kuficha risasi atasomewa shitaka bila mjadala. Halafu pamoja na yote hayo kuna raia anapita chini ya bendera kwenda kukata kuni! Au anasubiri tuondoke aje kuokota vyuma chakavu. Jamani, mwaka 2017 kule Ngara wanafunzi wa shule ya msingi walipoteza maisha kwa bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu. Ukiona kitu usichokijua usikiguse, weka alama kwa mbali, toa taarifa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji.

Nije kwenye uongozi, na hapa nawageukia pia maafande vijana wanaonisoma. Mafunzo magumu chini ya kiongozi asiyejali hayamjengi mtu, yanamvunja au yanamfanya awe na kinyongo. Wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma (Myanmar ya leo) kwenye Vita ya Pili ya Dunia walipigana chini ya Jenerali Slim, Mwingereza. Mwaka 1943 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba kwa kila askari mmoja aliyeondolewa kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa ugonjwa, malaria ikiwemo. Jeshi lilikuwa linaisha bila kupigwa. Slim akasema afya ya askari ni kazi ya kamanda, sio ya daktari peke yake. Mepakrini, dawa ya kuzuia malaria, kila siku, mikono ya shati ishushwe jua likizama, na akawa anapima kikosi kizima kwa kushtukiza, askari waliokutwa na dawa mwilini wakiwa chini ya asilimia 95 kamanda wa kikosi anaondolewa. Aliondoa watatu, wengine wakaelewa. Na askari wa mbele walipopunguziwa chakula kikawa nusu, makao makuu yake nayo yakala nusu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo Kiswahili ndo kilikuwa lugha ya kuelewana humo, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya kule, bonde linaloogopwa kwa malaria na matope, na Desemba ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Kwenye bonde lile dawa na kiongozi wa kuisimamia vilikuwa silaha kama bunduki.

Kujali maana yake ni hiyo, wala sio kubembeleza, hapa raia wengi na hata baadhi ya maafande wanakosea. Kamanda wa platuni, yaani kikosi kidogo, anayejali anakagua miguu ya vijana wake baada ya matembezi, anaona malengelenge kabla hayajawa kidonda. Anakula wa mwisho. Anajua nani mke wake kajifungua juzi na nani kafiwa. Anawaeleza kwa nini wanafanya zoezi, na likiisha anakaa nao chini kila mmoja aseme palipoharibika, na yeye akiwa wa kwanza kusema alipokosea. Huyu akisema "nyanyuka twende" wanaenda.

Na kumpiga kijana sio mafunzo. Najua kuna wanaosema sisi tulipigwa tukawa askari wazuri. Hapana. Kuruta aliyepigwa au kudhalilishwa anatoa taarifa kwa kiongozi wake, kama kiongozi ndo mkosaji anaenda ngazi ya juu yake, maelezo yanaandikwa, mganga anamwona, mkufunzi anaondolewa kwenye mafunzo wakati uchunguzi unaendelea, halafu anasomewa shitaka. Adhabu zinaanzia onyo, kushushwa cheo, mpaka mahakama ya kijeshi kosa likiwa kubwa.

Kuna mama alinipigia wiki iliyopita analia kijana wake kakonda na sauti imekauka. Nilimwambia, mama, akikupigia tena muulize vitu vitatu: kamanda wako anakujua kwa jina? Ukiumwa unapelekwa kwa mganga? Miguu yako nani aliikagua mara ya mwisho? Majibu yakiwa mazuri basi ukondefu na sauti mwachie, vitarudi. Yakiwa mabaya usiandike kwenye grupu, njoo ofisini mwenyewe na jina la kijana na tarehe, nitakaa na wewe tuandike maelezo pamoja.