Soko huria na mkulima wa Pemba na Unguja: yanayosemwa na yalivyo kweli

Likitajwa soko huria barazani kila mtu ana lake, na mengi siyo, na anaeumia ni mkulima, kwa hiyo mie leo nayasema.

"Karafuu zikiachiwa wafanyabiashara bei itapanda tu." Jamani, itapanda kwa lipi? Miaka ya 80 bei ya dunia iliporomoka kwa sababu Indonesia, alokuwa mteja wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek zinazotiwa karafuu, alipanda mikarafuu yake mpaka akajitosheleza, hapo hata Wete nzima kule Pemba ingejaa wanunuzi bei ingeshuka vile vile.

Lakini na wale wanaosema ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kununua karafuu peke yake ndo kumlinda mkulima, nao wasitufiche. Miaka mingi shirika likimpa mkulima fungu dogo mno la bei ya nje, na ndo maana magunia yakivuka usiku kwa magendo kwenda Shimoni na Mombasa, Kenya, halafu watu wakaambiwa wana tamaa. Tamaa gani, mtu kachuma, kaanika, kalipa wachumaji kwa pishi, anataka haki yake! Serikali ilipopandisha bei 2011, daraja la kwanza likafika kwenye shilingi 14,000 na 15,000 kwa kilo, magendo yakapungua sana. Mnunuzi awe mmoja au kumi, mie naangalia fungu linalomfikia mwenye shamba.

"Mchele wa nje ukiwa rahisi sote tunafaidi." Nusu kweli. Mkulima wa mpunga wa Cheju, Unguja, mwenyewe hununua mchele miezi mingi, kwa hiyo rahisi inamsaidia dukani, ila siku anayouza wake anakuta bei imeshaliwa na mapolo ya mchele wa nje yalotoka bandarini.

Sasa hili la mwani ndo linaniuma hasa, maana watu hulitoa kama ushahidi kuwa soko huria limemkomboa mwanamke. Mwani ulianza kulimwa kibiashara 1989 upande wa Paje na Jambiani, na wanunuzi tangu mwanzo walikuwa makampuni binafsi. Mtizame huyo mama, anangoja bamvua, maji yakitoka anaingia, anainama mpaka maji yarudi, anafunga mbegu kwa taitai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba, baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika, mvua ikinyesha anakimbilia kufunika, halafu anakuja mnunuzi na mizani yake na bei yake mdomoni, na kwa miaka mingi ilikuwa shilingi mia kadhaa kwa kilo kavu. Kamba na taitai mara nyingi kapewa na kampuni ile ile, atamuuzia nani mwengine? Na mwenye kampuni nae bei anaitizama Indonesia na Ufilipino wanaozalisha kwa wingi kuliko sie. Mwani wa aina ya cottonii, ile yenye bei nzuri, unakufa kwa joto la maji, mama kabakia na aina ya spinosum ya bei ndogo, halafu mtu anakwambia kina mama wameacha mwani kwa uvivu.

Afueni nnayoiona ni kwa vikundi kama vya Paje na Kidoti, wanasaga mwani wao wakatengeneza sabuni, bei ya sabuni wanapanga wenyewe. Ila ni wachache, wengi bado hawana mashine ya kusagia wala pahala pa kuhifadhia mwani mkavu wakangoja bei, na bila ya hayo atauza siku ile ile gari ya kampuni inapofika.