Kesi za wakimbizi kortini: vile tunadanganyana kwa kinyozi

Kinyozi wangu hapa Kaptembwa, Nakuru, ni jamaa wa Bukavu, kule Kongo, mashine yake safi na Kiswahili chake kile cha kwao, na kila Jumamosi wateja wakianza siasa lazima mtu aseme ati NGO, haya mashirika yasiyo ya serikali, zinaendesha serikali kupitia korti kwa kesi za wakimbizi. Wiki iliyopita nilikuwa nimefungwa shuka hadi shingoni, sikuweza kubishana vizuri, so wacha nijibu hapa, moja moja, yale wanasemanga.

"Katiba ni ya Wakenya, mgeni atashtakije serikali?" Si usome kifungu cha 22. Kinasema kila mtu, hakijasema kila mwenye kipande, tena mtu ama shirika linaweza kushtaki kwa niaba ya wengine ama kwa manufaa ya umma. Mlango wenyewe ni huo.

"NGO ndio zinatunga sera." Zi. Korti haiandikii serikali sera, inaangalia tu kama amri imefuata katiba. Desemba 2012 serikali ilitoa amri wakimbizi wa mijini wote waende kambi za Dadaab na Kakuma, sababu ikiwa usalama. Kituo Cha Sheria, NGO ya msaada wa kisheria, wakaenda Mahakama Kuu, wakimbizi wenyewe pia wakashtaki, na Julai 26, 2013 Jaji David Majanja akaitupa hiyo amri. Swali lilikuwa rahisi tu, kumtoa huyu mtu kwa nyumba yake kunaleta usalama aje, na serikali haikuwa na jibu la kutosha.

"NGO zikishinda kesi, imeisha." Hapa ndio watu huchemka kabisa. Machi 2014 serikali ikarudi na amri ya kufanana na ile, kesi ikaenda tena, mbele ya jaji yule yule, na Juni 30 serikali ikashinda! Mwisho wa mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya usalama iliyoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima, na waliokuwa hapa tayari walikuwa wamepita hiyo idadi mara kadhaa, sasa hao wengine wangepelekwa wapi kama si kurudishwa walikokimbia? Februari 2015 majaji watano wakafuta hicho kikomo, na hiyo kesi wala haikuwa ya NGO, walioshtaki walikuwa pamoja na CORD, wanasiasa wa upinzani. 2017 Jaji John Mativo naye akazuia kufungwa kwa Dadaab. Ni kuvutana kamba, leo huku kesho kule.

Na si Kenya tu. Uingereza walitaka kupeleka waomba hifadhi Rwanda, Novemba 2023 Mahakama ya Juu yao ikakataa, majaji wote watano, na bado serikali ikakimbia Bungeni 2024 ikatunga sheria ya kusema Rwanda ni salama. Kilichoua ule mpango ni uchaguzi wa Julai 2024, ulioleta serikali nyingine.

Ati hizo NGO zinalipwa na wazungu? Pesa za wafadhili zipo, hilo sibishi, lakini 2014 serikali iliposhinda, hazikusaidia kitu.

Nilimuuliza kinyozi kama alizifuatilia hizo kesi. Akazima mashine, akatoa karatasi yake ya ukimbizi nyuma ya kioo, iko kwa nailoni, kona zimeanza kuchanika, akaniuliza kama najua ni siku gani wanapokea watu wa kuifanya upya.