Adui hahitaji kishindo: dhana potofu kuhusu Muzan pale Asakusa

Vijana wanaoniletea skripti wana ugonjwa mmoja. Adui akitokea kwa mara ya kwanza, lazima radi ipige, ukuta ubomoke, watu kumi wafe, halafu acheke. Nikiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Mwalimu, asipoonyesha nguvu zake, nani atamwogopa?" Kisha wananitajia Demon Slayer, ile anime (katuni ya Kijapani) ya wawinda mazimwi, kama ushahidi. Hapo ndipo ninapokereka hasa, kwa sababu anime hiyo hiyo inawakanusha waziwazi. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika. Nachukulia umeshatazama msimu wa kwanza wote. Kama bado, tazama kwanza, maana nitakumalizia utamu.

Dhana: Adui asipoonyesha nguvu siku ya kwanza, hatishi

Turudi kwenye kipande cha saba cha ule msimu uliotengenezwa na studio ya ufotable mwaka 2019. Tanjiro, steringi wetu na mwinda mazimwi, amefika Asakusa, Tokyo, zama za Taisho, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ni kijana wa mlimani aliyekulia kwenye mkaa. Taa za umeme, umati na kelele vinamlemea, mpaka anakimbilia pembeni kwa mzee anayeuza udon, zile tambi nene za mchuzi wa moto. Kabla hajala, pua yake inanasa harufu. Ni harufu aliyoikuta nyumbani kwao asubuhi ile ya theluji, alipowakuta mama na wadogo zake wamelala kwenye damu. Bakuli linamponyoka. Anakimbia, anapenya watu, anamshika mtu bega. Mtu anageuka: suti ya Kizungu, kofia nyeupe, macho mekundu, na mikononi amebeba mtoto wa kike. Huyo ndiye Muzan Kibutsuji, bwana wa mazimwi.

Sasa angalia mkono wa Tanjiro. Umeshafika kwenye mpini wa upanga. Mtoto anamuuliza baba yake huyu ni nani. Mama naye anasogea, anataka kujua kuna nini. Wote wawili ni binadamu, pua ya Tanjiro inamthibitishia hilo, na wote wawili hawajui wanaishi na nani. Muzan hapandishi sauti. Anamuuliza kijana kwa adabu kama ana shida yoyote, anamwambia huenda amemfananisha.

Hebu niambie, nguvu ziko wapi hapo? Hajarusha ngumi, hajataja cheo chake, hajajitambulisha. Na steringi ameshashindwa. Akichomoa upanga, barabara nzima itamwona muuaji anayemvamia baba mwenye mtoto. Asipouchomoa, aliyemaliza familia yake anaondoka. Aliyeipanga picha hii alijua anachokifanya: Muzan amejikinga kwa kitu kile kile alichomnyang'anya Tanjiro. Amesimama na mke na mtoto mbele ya kijana ambaye hana tena mama. Mimi nikilitazama tukio hili huwa naumia kabla sijaogopa, na ile hofu inakaa muda mrefu kwa sababu imeingilia kwenye maumivu.

Ndipo linakuja lile tendo moja. Katikati ya mazungumzo, bila hata kumwondolea Tanjiro macho, Muzan anamparuza shingoni mwanamume anayepita na mkewe. Mparuzo tu wa kucha. Sekunde chache baadaye mwanamume yule ni zimwi na amemng'ata mkewe. Tanjiro anamrukia, anamgandamiza chini ili asimuue mtu, na hapo ndipo anapofungwa miguu. Hawezi kumwachia, kwa sababu hata sasa anamhesabu kuwa binadamu. Muzan anaondoka kwa kutembea. Tanjiro amebaki chini akipiga kelele kwamba atamfuata hata kuzimu, na polisi wanakuja kumvuta yeye.

Huyo ndiye adui. Ameitumia huruma ya steringi kama kamba ya kumfungia. Ukuta ukibomoka, mtazamaji anajifunza kwamba adui ana nguvu, basi. Tanjiro aking'ang'ana na mgeni asiyemjua huku muuaji wa mama yake akipotelea kwenye umati, mtazamaji anajifunza tabia za watu wawili kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wangu hawalioni kabisa: hofu ya Muzan ilipandwa kabla hajafika. Katika kipande hicho hicho, Tanjiro anapambana na zimwi wa kinamasi, yule mwenye miili mitatu aliyekuwa akila wasichana wa miaka kumi na sita na kubaki na mapambo ya nywele zao. Ni kiumbe asiye na haya wala huruma. Tanjiro anamuuliza habari za Muzan Kibutsuji, na kiumbe huyo anaanza kutetemeka. Hawezi kusema. Anachagua kushambulia na kufa kuliko kutamka neno. Dakika chache baadaye tunakutana na mwenye jina hilo, naye amebeba mtoto. Hesabu yote ya tukio iko hapo.

Kwa hiyo dawa yangu, na naitoa kwa kila anayenipa skripti, ni hii: toa silaha zote kwenye tukio la kwanza la adui. Visu, bunduki, uchawi, walinzi, vyote toa. Soma upya. Kama hatishi tena, hukuwa na adui, ulikuwa na silaha. Kisha tafuta kitu ambacho steringi wako hawezi kukigusa, umkabidhi adui akishike. Na kabla ya hapo, mtafute mtu ambaye mtazamaji tayari anamwogopa, umfanye huyo atetemeke kwanza. Wengi hunikasirikia nikiwarudishia kazi kwa sharti hili. Wanaolitekeleza hurudi na kitu kinachosomeka.

Dhana: Lakini Muzan alikimbia, basi ni mwoga na tukio limeharibika

Mwoga ni kweli. Kuharibika, hapana. Muzan ameziona zile hereni za hanafuda, zenye umbo la karata za Kijapani, masikioni mwa Tanjiro, na hereni hizo zinamkumbusha Yoriichi Tsugikuni, mpiga upanga aliyekaribia kummaliza karne kadhaa nyuma. Mtazamaji wa kipande cha saba hajui hilo. Anachokiona, katika kipande cha nane, ni kwamba mara tu Muzan anapokuwa peke yake, anawaita mazimwi wawili na kuwaagiza wamletee kichwa cha kijana mwenye hereni. Anamtumia wauaji mwinda mazimwi aliyeanza kazi juzi tu! Adui asiyeogopa chochote hana sababu ya kumwandama mtu yeyote, na hadithi itakosa mwendo. Woga wa Muzan ndio unaoisukuma safari yote ya Tanjiro kuanzia pale.

Dhana: Mbona uchochoroni aliua watatu? Hicho si kishindo?

Hili wanalileta wakidhani wamenikamata. Ndiyo, katika kipande cha nane, Muzan akiwa ameshawapakia mkewe na mtoto kwenye gari, anapita kichochoroni na kugongana na mlevi. Mlevi anamtolea maneno, anamwambia amepauka kama mtu anayekaribia kufa. Muzan anamuua yeye na mwenzake, tena kwa ukatili. Kisha Muzan anamuuliza mwanamke aliyebaki maswali kwa utulivu unaotia baridi: je, uso wangu unaonekana umepauka? Naonekana mgonjwa? Naonekana sitaishi? Kisha anamjaza damu yake mpaka mwili unashindwa kuihimili.

Angalia mpangilio. Mauaji yamekuja baada ya mazungumzo ya adabu, wakati tumeshamwogopa, na yamechokozwa na neno moja tu: kufa. Hakuna anayeuliwa ili tuone nguvu. Wanauliwa kwa sababu wamegusa kidonda. Anayeandika mauaji uchochoroni bila kujua kidonda kiko wapi anahesabu maiti tu.

Dhana: Muzan tulishamwona kipande cha kwanza

Hatukumwona. Usiku wa mauaji Tanjiro amelala kwa mzee Saburo, chini ya mlima, na kamera imebaki naye huko. Tunachokikuta nyumbani ni matokeo, na pumzi za Nezuko, dadake. Wanaoapa walimwona wanakumbuka picha zilizoonyeshwa baadaye.

Dhana: Ni muziki ndio unaotisha

Watunzi wa muziki, Yuki Kajiura na Go Shiina, wameifanya kazi yao vizuri mno, na sauti ya Toshihiko Seki kwa Muzan, laini na isiyo na haraka, ni ya kiwango cha juu. Lakini tukio hili lilikuwepo kwenye karatasi kabla ya yote hayo. Manga (hadithi ya picha iliyochapishwa) ya Koyoharu Gotouge ilianza kutoka katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 2016, miaka mitatu kabla ya anime, na Muzan anatokea kwenye sura ya 13 bila noti hata moja ya muziki. Soma kurasa hizo chumba kikiwa kimya. Mtoto yule mikononi mwake anatosha.

Dhana: Suti na kofia ni mbwembwe za kumfanya avutie

Zama za Taisho ni 1912 hadi 1926, na wanaume wenye pesa mjini Tokyo walivaa hivyo. Ni maficho: katika Asakusa ya wakati ule, aliyeonekana wa ajabu alikuwa Tanjiro, na sanduku lake mgongoni.

Dhana: Adui mzuri lazima tumhurumie tangu mwanzo

Hii imeingia siku hizi na inaniletea skripti ambazo adui analia kwenye ukurasa wa pili. Katika anime hii, mazimwi wengi hupewa kumbukumbu zao za ubinadamu wanapokata roho, na hapo hata mimi machozi hunitoka. Muzan hapewi kitu Asakusa. Kwamba alikuwa kijana mgonjwa wa zama za Heian, karne nyingi nyuma, aliyemuua tabibu aliyekuwa akimtibu, anime inatuonyesha mwishoni mwa msimu wa kijiji cha wafua panga, mwaka 2023. Miaka minne mizima mtazamaji amebaki na lile swali la uchochoroni, kwa nini neno "kufa" limegharimu roho tatu.