Loki za Uholanzi: hakuna pampu inayonyanyua meli

Kila nikisema nafanya kazi kwenye loki za mifereji huku Uholanzi naulizwa kitu kilekile, pampu ya kunyanyulia meli iko wapi? Haipo. Loki ni chumba kirefu cha zege chenye mlango huku na huku, upande mmoja maji ya juu upande wa pili maji ya chini, tishali likishaingia unafunga mlango ulio nyuma yake, unafungua vilango vidogo vilivyo chini ya mlango wa mbele, wa upande wa maji ya juu, maji yanaingia yenyewe kwa uzito wake mpaka yalingane na ya juu. Kushusha ni kuyaachia yaende upande wa chini, basi. Umeme ni wa kusukuma milango tu.

Milango ya loki nyingi za bara ni mabawa mawili yanayokutana kwa pembe, ncha ya pembe ikiangalia maji ya juu, kwa hiyo maji yanavyozidi kusukuma ndo mlango unavyozidi kukaza. Nahodha akisema redioni "si mfungue tu, imebaki kidogo" nacheka, maana bawa la upana wa mita 10 kwenye maji ya kina cha mita 5, tofauti ya maji ya sentimita 10 tu kati ya pande mbili inalikandamiza kwa nguvu ya karibu tani 5. Unasubiri.

Foleni nayo ina sheria zake. Taa nyekundu usiingie, nyekundu na kijani pamoja jiandae, kijani twende, nyekundu mbili ujue loki haifanyi kazi. Matishali ya mizigo yanaingia kwanza afu ndo boti za starehe, na sio dharau, tishali la mita 110 lililojaa kokoto halisimami ghafla na hutaki kiboti chako kiwe mbele yake. Lenye koni mbili za buluu, yaani mzigo wa hatari zaidi, linavushwa peke yake.

Humo ndani mabaharia wapya nawaambia jambo moja, wakati wa kushuka usifunge kamba fundo ukaenda kunywa kahawa. Maji yanashuka, kamba haishuki, boti inaanza kuning'inia upande mmoja na kamba imekaza kiasi kwamba haifunguki tena mpaka ikatwe. Izungushe kwenye nguzo, ishike mkononi, iachie kidogokidogo. Na tezi, yaani nyuma ya boti, isivuke ule mstari uliochorwa ukutani, maana karibu na mlango wa juu kuna kizingiti cha zege, maji yakishuka unakalia zege.

Ila mimi naiona loki kama bomba linalovuja kwa ruhusa. Kila mara inapofanya kazi, chumba kizima cha maji kinatoka juu kwenda chini na hakirudi. Maasbracht, kwenye Mfereji wa Juliana, tofauti ya maji ni karibu mita 12, na mfereji ule unalishwa na mto Maas ambao unategemea mvua tu, hauna barafu ya milima ya Alps kama Rhine. Kiangazi kikikaza, meli zinasubirishwa mpaka chumba kijae ndo zivushwe pamoja, na kuna sehemu maji yanarudishwa juu kwa pampu. Kumbe pampu ipo, ila inanyanyua maji, sio meli!

Na loki yenyewe bila bwawa la pembeni, yaani ukuta unaozuia maji ya mto yasishuke, ni bure. Tarehe 29 Desemba 2016 meli ya mafuta iliyobeba benzini ya viwandani ilipita kwenye ukungu ikapasua bwawa la Grave kwenye Maas, maji kuanzia hapo mpaka Sambeek yakashuka kama mita 3, nyumba za kuelea zikakaa kwenye matope na meli zikakwama, wakati loki ilikuwa nzima. Ikabidi wajenge tuta la mawe la muda ndo maji yarudi.

Sasa IJmuiden, mlango wa Amsterdam kwenye Bahari ya Kaskazini, huko ni habari nyingine. Mfereji unashikiliwa kwenye sentimita 40 hivi chini ya NAP, sifuri yao ya kupimia, na bahari inajaa na kupwa, mara iko juu ya mfereji mara iko chini, kwa hiyo jozi moja ya mabawa ya pembe haitoshi, na milango ya loki kubwa inateleza kwa pembeni. Bahari ikipwa maji ya mfereji yanatoka yenyewe, ikijaa yanatolewa na pampu zenye uwezo wa mita za ujazo 260 kwa sekunde. Loki mpya iliyofunguliwa Januari 2022 ina urefu wa mita 500, upana 70 na kina 18, na hapo adui ni chumvi. Usawa ukiwa sawa kabisa na mlango wa ndani umefunguliwa, maji bado yanahama, ya chumvi ni mazito yanapita chini kuingia mferejini, matamu yanapita juu kuja chumbani. Ndo maana ukajengwa ukuta wa zege wenye uwazi chini, ili yale ya sakafuni yavutwe kupitia hapo na kurudishwa baharini. Chumvi ikiachwa inapanda mpaka Mfereji wa Amsterdam-Rhine, ambao maji yake yanahitajika mashambani na hata kwa kunywa, kwa hiyo mvua ikiwa haba loki inafunguliwa mara chache, wenye meli wanalalamika foleni ndefu, na mimi hapo nipo upande wa wakulima.